Sikio la Kukodi

Mtazame anavyokuja, msikilizaji wangu. Ni asubuhi, mawingu bado yamekaa mabegani mwa Uluguru, na barabara ya kutoka Mwembesongo imejaa watu wanaowahi kufungua biashara. Kati yao mtafute mwanamke mwenye mwendo wa mtu wa mlimani, hatua ndefu na kifua kimetangulia, kana kwamba hata hapa mjini penye tambarare bado anapanda. Amevaa gauni la kitenge na sweta jekundu. Anaongea njia nzima. Anamsalimia muuza maji, anamuuliza fundi cherehani hali ya mtoto, anamrudishia kijana wa bodaboda maneno yake ya jana. Usimshangae. Anayamaliza maneno yake yote barabarani kwa sababu kule anakokwenda hataongea.

Huyo ndiye Eufrazia. Anafika kwenye jengo ambalo chini lina duka la mabati na misumari, anapanda ngazi ya nje, anagonga mlango usio na kibao. Anafunguliwa. Simu yake anaiweka kwenye kabati dogo la mbao lililo mlangoni, kila simu na kijumba chake, kisha anakwenda kukaa kwenye meza yake na kuvaa hedifoni. Kuanzia hapo mpaka jioni, Eufrazia ni sikio.

Sikio la nani? Hapo ndipo pagumu kueleza, lakini nitajaribu, nanyi mnivumilie.

Kuna mtandao mmoja wa kutumiana sauti kwenye simu. Mtu akirekodiwa maneno ya kumtisha au kumtukana akatumiwa, anabonyeza kitufe cha kulalamika, na sauti ile inapelekwa kusikilizwa. Wengi wetu tunadhani inasikilizwa na wenye mtandao, huko ng'ambo kwenye nchi za baridi. Hapana. Wenyewe hawajui Kiswahili, na mtu wa kwao kumkalisha kitini siku nzima akisikiliza matusi ni ghali. Kwa hiyo kazi wanaipa kampuni ya Asia. Ya Asia inaipa kampuni ya Nairobi. Na ya Nairobi ilipotazama ikaona Morogoro pango ni nafuu, vijana wamesoma na wamekaa bila kazi, na Kiswahili chao kimenyooka, ikapanga chumba juu ya duka la mabati.

Mnajua mkungu wa ndizi unavyokwenda pale sokoni Mkuyuni. Mkulima anamshushia dalali wa kwanza, wa kwanza anampa wa pili, mpaka anayezila Dar es Salaam hajui hata jina la mlima ulikoota mgomba. Kazi ya Eufrazia ilisafiri vivyo hivyo, ila ilitokea upande wa mlaji. Ilishuka mkono kwa mkono, kila mkono ukimega, mpaka makombo yakamfikia mtu wa mlimani.

Kabla ya Morogoro kilikuwepo chumba kama hicho katika nchi nyingine. Wafanyakazi wa huko wakaanza kuota ndoto mbaya, wakadai mapumziko na mtu wa kuzungumza naye. Kazi ikahamishwa. Haya Eufrazia aliambiwa na msimamizi wao, Jonathan, kijana mpole kutoka Dar, ambaye alinong'ona hata pale pasipohitaji kunong'ona.

"Dada Eufra, kazi hii ina miguu," alimwambia siku ya kwanza. "Ilikuja ikitembea. Tukiichezea, itaondoka ikitembea."

"Hata mimi nina miguu, bosi. Tutatembea wote."

"Wewe huna pasipoti," Jonathan akasema, na hakucheka.

Eufrazia aliitaka kazi ile. Amezaliwa Kinole, juu kule kwenye ndizi na mdalasini, akasomeshwa na wajomba zake mpaka akapata cheti cha ualimu. Cheti hicho kilikaa ndani ya bahasha muda mrefu mno. Alifundisha kwa kujitolea, akauza vitunguu, akapika chai kwenye ofisi ya watu. Alipoambiwa kuna mahali wanatafuta watu wanaojua kusikiliza Kiswahili, alidhani anataniwa.

Kwenye kioo cha kompyuta mbele yake kulikuwa na vitufe vinne: Tishio, Tusi, Utani, Salama. Sauti inalia, unasikiliza, unabonyeza, inakuja nyingine. Huoni jina wala namba wala sura. Ukibonyeza Tishio, aliyetuma anafungiwa. Ukibonyeza Utani au Salama, aliyelalamika anajibiwa kwa maandishi mazuri kwamba wamesikiliza na hawakuona tatizo. Halafu kila unachobonyeza kinakwenda kuifundisha mashine, hiyo wanayoiita akili mnemba, ili siku moja ibonyeze yenyewe.

Jirani yake wa meza alikuwa Witness, msichana wa palepale Mwembesongo, mwepesi wa maneno. Siku moja Witness alivua hedifoni akashika kifua.

"Dada, huyu ni muuaji kabisa! Anawaambia watu, 'Mzikeni haraka, na wewe mjane jiandae, shimo tumechimba la watu wawili.' Mimi nimemfungia."

Eufrazia akaomba asikilize. Akaanza kutikisika mabega. Kumbe anacheka.

"Muuaji wa wapi! Huyo ni mtani wao, yuko msibani anafanya kazi yake. Nyie hamna watani?"

"Sisi tumekulia mjini, dada'angu. Mtu akifa tunachanga, tunalia, tunakula pilau, biashara imeisha."

"Basi huyo mtani angekuja kuwanyang'anya hilo pilau, na msingemfanya kitu."

Eufrazia akamweleza Jonathan. Akamweleza kwamba makabila yetu mengi yana watani wao, na sisi Waluguru tunao, na kwamba mtani ana ruhusa ya kukutukana, kukuchukulia mali, hata kumsema marehemu mbele ya wafiwa, na ukikasirika wewe ndiye mshamba. Huko ng'ambo walikuwa wanawafungia watani wa watu kana kwamba ni majambazi. Jonathan akaandika Nairobi. Nairobi wakaandika mbele. Majibu yaliporudi yalikuwa ya pongezi: kuanzia sasa, sauti yoyote yenye neno mtani, au jeneza, au kaburi, isikilizwe kwanza na Eufrazia.

Chumba kizima wakambatiza Mama Utani. Mwanamke wa Kinole kusikia kwamba mila ya kwao imevuka bahari na kuingizwa kwenye kanuni za watu wakubwa si jambo dogo, ndugu zangu. Alirudi nyumbani jioni ile akiwa mrefu zaidi.

Ndipo akaja yule bwana.

Sauti yake ilimfikia mara ya kwanza kwenye mvua za vuli. Ilikuwa sauti nzuri, ya polepole, kama ya mtu anayesoma somo la kwanza kanisani.

"Mtani wangu, habari za huko? Nimepita kwa seremala nikaulizia jeneza lako. Nimemwambia alibane kidogo kiunoni, maana nasikia siku hizi umekonda."

Eufrazia alicheka peke yake mpaka Witness akamkanyaga mguu. Akabonyeza Utani.

Ikaja nyingine. "Mtani, maturubai nimeshaagiza, viti nimeshaagiza. Wapishi wananiuliza tunaanza lini. Nimewaambia wasubiri, mwenye shughuli bado anahemahema."

Hii nayo tamu. Utani.

Zikaendelea kuja, leo moja, baada ya siku kadhaa nyingine, na kwa kuwa zilitaja yale maneno, zote zilimjia yeye. Akaanza kumzoea yule bwana kama unavyomzoea mtangazaji wa redio. Hata akamsimulia Witness, kwa kuficha, kwamba yupo mtani mmoja hodari kuliko watani wote wa milimani kwao.

Kisha ikaja hii: "Mtani, umehama bila kuniaga. Sasa siku ya kuzika nitagonga mlango gani? Au ni huu wa kijani, nyuma ya mashine ya kusaga?"

Hii haikumchekesha. Alikaa nayo kidogo, akairudia. Maneno ni yaleyale ya kuzika, sauti ni ileile ya upole. Kidole kilikuwa kimeshazoea njia yake. Utani.

Baadaye kidogo akapata msiba wa kweli. Bibi Devotha, dada wa bibi yake, alifariki huko Kinole akiwa ameshiba siku. Eufrazia akaomba ruhusa, akapanda.

Kaburi lilikuwa limekamilika kwenye shamba la ukoo, katekista ameshafungua kitabu, jeneza limeshafika ukingoni, ndipo mzee mmoja aitwaye Ernest akajirusha shimoni, akalala chali, akafumba macho. Watani hao.

"Sitoki!" sauti ikatoka chini. "Bibi yenu alikuwa mchoyo, amekufa na siri ya kuku wake. Nataka jogoo, tena mwenye mkia!"

Mjomba Castory, kaka wa mama yake Eufrazia, ndiye aliyeusimamia msiba kwa niaba ya ukoo. Alisimama ukingoni na koleo.

"Lala humohumo! Leteni udongo jamani, tumfukie huyu, tupunguze njaa kijijini."

"Mkinifukia namwoa bibi yenu hukohuko!"

"Atakukataa! Alikukataa ukiwa na meno yote, sembuse sasa!"

Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Binti wa marehemu mwenyewe alijishika mbavu. Katekista akajifunika uso kwa kitabu, na mabega yake yalikuwa yanaruka.

Eufrazia naye alicheka. Halafu akaacha ghafla.

Kazi ile ilikuwa imemharibu masikio. Mtu akisema, yeye sasa husikiliza kwanza kilicho nyuma ya sauti. Na nyuma ya sauti ya Ernest kulikuwa na kijiji kizima: wanaocheka, wanaojibu, mtoto anayelia, koleo linalogonga jiwe. Akaitafuta kichwani sauti ya yule bwana. Nyuma yake palikuwa na nini? Akatafuta. Hapakuwa na kitu. Hakuna kuku, hakuna mlango, hakuna mtu wa kusema "ebo!" Chumba kimya, na mtu mmoja anayezungumza polepole. Na yule anayetaniwa hakuwahi kurudisha neno hata mara moja. Jibu lake, kila mara, lilikuwa kubonyeza kitufe cha kulalamika.

Baada ya maziko alimfuata Ernest, ambaye alikuwa anajikung'uta udongo, jogoo kwapani.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba, mke wangu. Umenenepa, mjini wanakulisha nini?"

"Hivi unaweza kunitania tukiwa wawili tu? Chumbani, hakuna mtu mwingine?"

Ernest akamtazama kama aliyetukanwa yeye.

"Wawili tu ili iweje?"

"Nauliza tu."

"Nikizidisha, nani atanishika shati? Mjomba wako pale alikuwa na koleo, ulidhani ni la udongo? Lile lilikuwa langu. Kutaniana bila watu kuna jina lingine, mtoto wewe. Na usiniulize mambo ya namna hiyo nikiwa nimebeba jogoo."

Eufrazia hakulala msibani. Alishuka Mkuyuni jioni ileile, na safari hii njia nzima hakusema na mtu.

Kesho yake alimwendea Jonathan kabla hata ya kukaa.

"Nataka kurudisha."

"Kurudisha nini, dada?"

"Nilivyobonyeza. Yule bwana wa jeneza. Nilisema utani. Si utani."

Jonathan akamvuta pembeni, karibu na birika la chai. "Hakuna kitufe cha kurudi nyuma. Vikishaenda vimeenda."

"Vimeenda wapi?"

"Nairobi. Baada ya Nairobi hata mimi sijui."

"Basi niambie huyo mwanamke ni nani, nimpigie."

"Hatuna jina. Hatuna hata uhakika ni mwanamke."

"Ni mwanamke," Eufrazia akasema. "Na hizi sauti ni za lini?"

Jonathan alikoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Hatuambiwi. Inaweza kuwa ya jana. Inaweza kuwa ya mwaka jana, na yote yameshaisha."

Yameshaisha vipi, hakuna aliyethubutu kuuliza. Tumtendee haki, Jonathan aliandika. Aliandika mbele yake, akimsomea kila sentensi. Majibu yalichukua siku kadhaa, na yalipokuja Jonathan alimwita kwa kidole.

"Wamesema wamekagua. Kwenye upande wa utani usahihi wetu ni wa juu sana, hawaoni tatizo. Wamelifunga suala." Akameza mate. "Halafu wametupongeza. Mashine sasa inaujua utani kama unavyoujua wewe. Mwisho wa mwezi sauti hizo hazitakuja tena kwa watu."

"Kwa hiyo huyo bwana akituma nyingine?"

"Mashine itasema utani." Akanong'ona chini zaidi. "Umeifundisha vizuri, dada Eufra."

Alirudi kwenye meza yake. Witness akamuuliza mbona amepauka hivyo, yeye akavaa hedifoni. Tangu siku hiyo alisikiliza kama mtu anayesubiri kupigiwa hodi na askari. Kila sauti iliyoanza kwa upole aliirudia.

Ikaja, asubuhi moja, katikati ya matusi ya wapangaji na wenye nyumba.

"Mtani, nimefika. Nilidhani mbali, kumbe pua na mdomo."

Basi. Maneno hayo tu. Lakini kwa mara ya kwanza nyuma yake kulikuwa na watu. Wauza machungwa walikuwa wanakimbilia madirisha ya basi, na kondakta anapiga bodi kwa kiganja na kuita: "Mikese! Wa Mikese tushuke!"

Eufrazia akabonyeza Tishio. Kioo kikamuuliza kwa adabu kama ana uhakika, kwa sababu pendekezo la mashine ni Utani. Akabonyeza Tishio tena, kwa nguvu, kana kwamba nguvu inasaidia. Kioo kikamshukuru. Ikaja sauti nyingine, ya mtu anayemtukana fundi wake wa friji.

Mikese ni hapo tu kwenye barabara kuu ya Dar. Ukipanda gari Msamvu hujamaliza hata kula karanga zako umefika. Kama ingekuwa Mwanza au Mombasa, labda angejiambia hana la kufanya. Lakini Mikese!

Akavua hedifoni, akaenda kwenye kabati la mlangoni kuchukua simu. Jonathan akasimama mbele yake. Mkataba wa kazi Eufrazia aliujua kama yeye: ulichokisikia ndani ya chumba kile hukukisikia, na hukifuati.

"Unakwenda wapi?"

"Mikese."

"Ukienda watakuuliza umejuaje. Ukisema umejuaje, hutaondoka wewe peke yako. Ni chumba kizima. Mimi, Witness, wote hawa. Watahamisha."

"Basi hujaniona."

"Nimekuona," akasema, na kwa mara ya kwanza hakunong'ona. "Ndiyo shida yangu." Lakini akasogea, mlango ukafunguka.

Alipofika Mikese hakupata taabu. Aliuliza mashine ya kusaga, akaonyeshwa. Nyuma yake kulikuwa na safu ya vyumba vya kupangisha, na mlango wa mwisho ulikuwa wa kijani. Kufuli nje. Pazia lilikuwa limening'inia kwa upande mmoja, kana kwamba mtu alipita nalo kwa haraka. Alibisha, ingawa kufuli alikuwa akiiona. Akaita "hodi" kwa sauti ndogo. Kuku wawili wakamtazama.

Mbele ya vyumba hivyo, ukitazamana na barabara, kulikuwa na banda la mama ntilie. Mwenyewe aliitwa Rehema, mwanamke mnene wa makamo, ushungi umefungwa nyuma ya shingo, anapepea moto, upawa mkononi.

"Karibu, mama. Wali maharage, wali nyama, ugali baada ya muda kidogo."

"Asante, dada yangu. Namuulizia anayekaa pale, mlango wa kijani."

Upawa ulisimama hewani.

"Irene? Na wewe ni mtani wake?"

Eufrazia aliingia ndani ya banda. Akakaa kwenye benchi.

"Kwa nini unaniuliza hivyo?"

"Kuna kaka mmoja, mstaarabu kupita kiasi," Rehema akasema. "Alishuka kwenye basi akasema anamtafuta mtani wake, amemletea vipimo vya jeneza. Jamani, alituchekesha! Wapakizi, wauza machungwa, mimi mwenyewe, tulicheka mpaka basi. Na kwa kucheka hukohuko nikamnyooshea kidole. Pale, mlango wa kijani." Akautazama mkono wake ule kama si wake. "Irene alikuwa ndani. Alipoisikia ile sauti alitokea dirisha la nyuma. Kwa miguu mitupu. Kufuli nimeifunga mimi."

"Yuko hai?"

"Juzi alikuwa hai."

"Hakuwaambia viongozi?"

"Alimwambia mwenyekiti wa kitongoji tangu siku aliyohamia. Mwenyekiti akamwambia, 'Nisikilizishe hivyo vitisho.' Havipo! Sauti za ule mtandao ukizisikiliza mara moja zinafutika. Kilichobaki kwenye simu ni majibu ya kampuni: tumesikiliza, hatukuona tatizo. Mwenyekiti akamwambia, 'Binti, wenyewe wenye mitambo wamesikiliza wamesema hakuna tatizo, mimi Athanas ni nani?' Sisi tukaona labda wamegombana tu na mpenzi wake. Mimi aliwahi kuniambia neno moja: 'Yule mtu alianza kwa kunichekesha.'"

Moto ulitoa moshi. Eufrazia alikuwa anasikia maandishi yale mazuri, yale ya kwamba tumesikiliza, kana kwamba yanasomwa kwa sauti yake mwenyewe.

"Huyo kaka alirudi?"

"Anarudi kila siku. Saa za chakula. Anakaa hapohapo ulipokaa, anakula anamaliza, anaulizia kwa upole kama mtani wake amesharudi. Jana aliniuliza kama nina namba yake mpya."

"Unayo?"

Rehema aliweka upawa chini. Alimtazama mgeni wake kuanzia viatu mpaka usoni, taratibu, kama anayechagua mchele. Mwisho akaingiza mkono kifuani, akatoa simu ndogo ya vitufe, akapiga.

"Irene, mwanangu. Ni mimi. Hapana, si yeye. Kuna mama hapa, ni mwanamke mwenzetu, ametoka Morogoro. Anakuulizia."

Akampa simu.

Upande wa pili kulikuwa na pumzi. Nyuma ya pumzi, maana masikio yake hayakuweza kujizuia, kulikuwa na maji yanayotiririka na mtu anayechanja kuni.

"Wewe ni nani?" Sauti ilikuwa ya msichana, imekauka.

"Naitwa Eufrazia. Wa Kinole. Usiogope. Nimezisikia zile sauti alizokutumia, ya jeneza, ya maturubai, ya mlango. Zote. Twende kituoni, nitasema mimi nilichosikia. Neno kwa neno."

Kuni zikaacha kuchanjwa.

"Haiwezekani," Irene akasema. "Zile nilizisikia mimi peke yangu. Zikafutika. Hakuna mtu mwingine aliyezisikia, isipokuwa..." Alipoendelea, sauti ilikuwa imebadilika. "Dada, mimi kila mara nilibonyeza. Kila mara. Na kila mara wananijibu wamesikiliza. Nikawa najiuliza, huko kuna mtu kweli, au ni mashine tu? Kama ni mashine, sawa, mashine haina mama. Lakini kama ni mtu, tena anajua Kiswahili, akayasikia yale, akasema hayana shida, huyo mtu sitaki hata kivuli chake kinikaribie. Sasa wewe niambie. Umezisikia kama nani?"

Eufrazia alifungua mdomo. Akisema kweli, binti yule atakata simu na kuizima, na hapa duniani hakuna shahidi mwingine. Akisema uongo, atamtoa Irene mafichoni kwa uongo, na kituoni swali la kwanza la askari litakuwa hilohilo.

Rehema akamgusa bega. Alinyoosha midomo kuelekea barabarani. Basi lilikuwa limesimama. Mwanamume mwenye shati jeupe lililonyooshwa vizuri alikuwa anashuka, hana haraka, anamwambia kitu muuza machungwa, na muuza machungwa alikuwa ameshaanza kucheka.

"Dada?" sauti ikaita sikioni. "Dada, mbona hunijibu?"

Wewe uliyeketi hapo unanisikiliza tangu mwanzo, ungemjibu nini?